Mtandao Ukigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuanguka kwa Intaneti na Huduma za Wingu

Kila huduma kubwa inapoanguka, simu za sisi tunaokaa zamu ya seva huanza kuita, na maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ambayo hutoa nikiwa nimelala vizuri, si yale ya saa tisa usiku. Jambo moja litajirudia: nyingi kati ya ajali hizi hazikuletwa na adui. Zilianza na badiliko la kawaida, lililofanywa na watu wanaoijua kazi yao, kwenye mfumo ambao hakuna aliyekuwa na ramani kamili ya nini kinaegemea nini.

Je, intaneti yote inaweza kuzimika kwa mpigo?

Hapana. Intaneti si mtambo mmoja wenye swichi. Ni maelfu ya mitandao, kila mmoja na mwenyewe, iliyokubaliana kupitishiana data. Mmoja ukifa, mingine hutafuta njia ya kuuzunguka. Kinachoanguka mara nyingi ni huduma zinazokaa juu yake, na hapo ndipo penye tatizo: mitandao ni mingi, lakini huduma zimerundikana mikononi mwa wachache. Amazon, Microsoft na Google peke yao wana sehemu kubwa ya soko la wingu duniani. Basi mtu akiona benki yake, mchezo wa mtoto na kengele ya mlango vimegoma saa ileile, husema intaneti imekufa. Haijafa. Vyote vitatu vimepanga nyumba moja.

Kwangu haifunguki. Nitajuaje kama tatizo ni langu au ni lao?

Fungua tovuti nyingine isiyohusiana na ile. Ikifunguka, laini yako ni nzima. Kisha badilisha njia: toka kwenye Wi-Fi, tumia data ya simu. Ikigoma kote kuwili, tatizo huenda liko kwao.

Halafu soma ujumbe wa kosa, usiufunge tu. Kivinjari kikisema hakiwezi kupata anwani ya seva, shuku DNS, yaani daftari la majina ya intaneti, nitalieleza hapo chini. Zikija namba 502, 503 au 504, ombi lako limefika mlangoni, walio ndani ndio wagonjwa. 404 si ajali, ni ukurasa tu haupo.

Na tafadhali, usifute programu kwenye simu ili uipakue upya, wala usitoke kwenye akaunti yako. Huduma ya kuingia inaweza kuwa ndiyo iliyoanguka. Aliyekuwa ndani akatoka mwenyewe hubaki nje hadi mambo yatengemae, huku wenzake waliotulia wakiendelea na walichokuwa nacho.

Wingu ni nini hasa, na linaangukaje?

Ni majengo. Majengo makubwa yasiyo na madirisha mengi, yaliyojaa seva, viyoyozi, betri na jenereta, yanayokodishwa kwa saa au kwa sekunde. Watoa huduma huyapanga kwa maeneo, na kila eneo hugawanywa katika kanda kadhaa zenye umeme na mtandao wake, ili moto au mafuriko ya kanda moja yasiiguse nyingine.

Mpango huo hufanya kazi vizuri dhidi ya moto. Dhidi ya programu hausaidii sana, kwa sababu programu ileile, yenye kosa lilelile, inaendeshwa katika kanda zote. Zaidi ya hapo kuna maeneo yenye uzito kuliko mengine. Eneo la Amazon la kaskazini mwa Virginia, Marekani, linalojulikana kama us-east-1, ndilo kongwe, na baadhi ya shughuli za kusimamia huduma zake za dunia nzima bado zinaegemea huko. Unaweza kuwa umeweka seva zako bara jingine kabisa na bado ukayumba Virginia ikiugua.

Kwa nini kila ajali lawama huishia kwenye DNS?

Kwa sababu DNS ndiyo daftari la majina. Kompyuta hazijui majina ya tovuti, zinajua namba. Tangu 1983, Paul Mockapetris alipoibuni, DNS ndiyo inayotafsiri jina kuwa namba. Seva zako zote zinaweza kuwa nzima, zinanguruma, lakini jina likikosa namba hakuna anayezifikia. Ni sawa na nyumba iliyojaa watu, taa zinawaka, lakini imefutwa kwenye ramani.

Mfano ulio wazi ni wa 20 Oktoba 2025, tena hukohuko Virginia. Amazon ina mitambo ya programu inayoandika rekodi za DNS za kanzidata yake ya DynamoDB. Mtambo mmoja ulichelewa, mwingine ukawahi. Ule uliochelewa ukaandika mpango wa zamani juu ya mpya, kisha kazi ya usafi ikaufuta mpango huo wa zamani kwa kuwa ni wa zamani. Kilichobaki ni rekodi tupu. Kila aliyeuliza "DynamoDB iko wapi?" alipewa ukurasa mweupe, na mfumo wa kujirekebisha wenyewe haukuweza kuitengeneza hali hiyo. Ikabidi mikono ya watu iingie.

Na hiyo BGP?

DNS inakupa anwani, BGP inakuonyesha barabara. Ndiyo lugha ambayo mitandao huitumia kutangaziana: "Ukitaka kufika kwa fulani, pitia kwangu." Iliundwa mwaka 1989 kwa misingi ya kuaminiana, na hadi leo anayetangaza njia mara nyingi huaminiwa. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi. Tangazo lake likavuja nje, na kwa karibu saa mbili sehemu kubwa ya maombi ya YouTube kutoka duniani kote yakaelekea Pakistan na kuishia gizani.

Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika Oktoba 2021, kwa nini ilichukua saa sita?

Hii ndiyo ajali ninayopenda kuwasimulia vijana wapya kazini, kwa sababu ina kila kitu.

Tarehe 4 Oktoba 2021, wakati wa matengenezo ya kawaida, ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao wa ndani unaounganisha vituo vya data vya kampuni. Amri hiyo ikakata viungo vyote. Kulikuwa na programu ya ukaguzi iliyowekwa hasa ili izuie amri za namna hiyo, lakini nayo ilikuwa na kosa, ikaipitisha.

Kisha likaja pigo la pili. Seva za DNS za Facebook zilikuwa zimepangwa zijitoe zenyewe barabarani zikiona haziwezi kuwasiliana na vituo vya data. Kwa hali ya kawaida hiyo ni busara: seva iliyotengwa isiendelee kujibu watu uongo. Siku hiyo zote zilijiona zimetengwa, zote zikafuta matangazo yao ya BGP kwa pamoja. Dunia ikasahau Facebook iko wapi.

Pigo la tatu ndilo lililokula muda. Vyombo ambavyo wahandisi wangevitumia kutengeneza vilikuwa juu ya mtandao uleule uliokatika. Ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye vituo vya data, na vituo hivyo vimejengwa kwa makusudi visiingilike kirahisi, hata mitambo iliyo ndani isibadilishwe kirahisi. Ulinzi uliowekwa dhidi ya mwizi ukamchelewesha fundi.

Hata waliporudisha viungo hawakufungulia kila kitu mara moja. Matumizi ya umeme katika vituo yalikuwa yameshuka kwa makumi ya megawati, na kurudisha mzigo wote ghafla kungeweza kuharibu mifumo ya umeme yenyewe. Wakapandisha kidogokidogo.

Mara nyingi ni wadukuzi, sivyo?

Ndiyo dhana ya kwanza ya kila mtu, hata ya wataalamu. Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake ili zilindwe na zifunguke haraka, ilipoanguka tarehe 18 Novemba 2025, wahandisi wake mwanzoni walidhani wanashambuliwa. Walikuwa na sababu: mfumo ulikuwa unakufa, unafufuka, unakufa tena. Chanzo kilikuwa faili la kuwatambua roboti. Badiliko la ruhusa katika kanzidata lilifanya faili hilo lijirudufu mistari hadi likavuka kikomo ambacho programu inayolisoma ilikuwa imewekewa. Faili lilizalishwa upya kila baada ya dakika tano, mara zuri, mara bovu, kutegemea sehemu gani ya kanzidata ilikuwa imeshapata badiliko. Ndiyo maana likaonekana kama shambulio la kuja na kuondoka.

Mashambulio ya kweli yapo. Tarehe 21 Oktoba 2016, kampuni ya DNS ya Dyn ilifurikwa na maombi kutoka jeshi la vifaa vilivyotekwa na programu hasidi ya Mirai, vingi vikiwa kamera za ulinzi na vinasa video vya majumbani, ambavyo wenyewe hawakuwahi kubadili nywila za kiwandani. Lakini ukinipa ajali kumi nikisie chanzo bila kuambiwa chochote, kumi zote nitasema ni badiliko, na nyingi nitapata.

Inakuwaje kosa dogo la mtu mmoja liangushe huduma za mamilioni?

Kwa sababu ya kasi. Uzuri wa wingu ni kwamba amri moja inafika dunia nzima kwa sekunde. Hilo halichagui amri nzuri na mbaya.

Tarehe 19 Julai 2024, saa 10:09 alfajiri kwa saa za UTC, CrowdStrike ilituma faili la sasisho kwa programu yake ya ulinzi. Programu ilitarajia vipengele 20, faili likataka kisomwe na cha 21. Saa 11:27 lilikuwa limeshaondolewa, dakika 78 tu. Kwa muda huo, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimegoma kwenye skrini ya buluu. Hizo hazifiki asilimia moja ya kompyuta zote za Windows. Lakini zilikuwa za viwanja vya ndege, hospitali na benki, na nyingi zilihitaji mtu aje kulifuta faili hilo kwa mkono. Kuondoa kosa kulichukua dakika, kuondoa athari kukachukua siku.

Wakati mwingine hata huwezi kusema nani kakosea. Fastly, kampuni inayosambaza kurasa za tovuti za wengine, ilipoangusha tovuti za magazeti na serikali tarehe 8 Juni 2021, aliyeliamsha tatizo alikuwa mteja mmoja aliyebadili mipangilio yake. Alichofanya kilikuwa halali kabisa. Kosa lilikuwa kwenye programu ya Fastly, limelala humo tangu 12 Mei, likimngoja mtu mwenye mipangilio ya aina hiyohiyo. Asilimia 85 ya mtandao wao ikaanza kurudisha makosa. Kwa haki yao, waliligundua ndani ya dakika moja, na ndani ya dakika 49 asilimia 95 ya mtandao ilikuwa imerejea.

Tiba ni kuachia badiliko kwa hatua: seva chache kwanza, kanda moja, subiri, tazama, endelea. Kila mtu katika fani anaijua. Inapovunjwa, huvunjwa kwa vitu visivyoitwa "programu": faili la mipangilio, orodha ya kanuni, sasisho la ulinzi. Watu huona ni data tu, haina madhara. CrowdStrike na Cloudflare zote mbili ziliumizwa na faili la namna hiyo.

Kwa nini ukurasa wa hali ya huduma huonyesha kijani wakati kila kitu kimekufa?

Wakati mwingine ni urasimu: kuna mkuu anayepaswa kuidhinisha rangi ibadilike. Wakati mwingine ni kejeli ya usanifu. Huduma ya kuhifadhi mafaili ya Amazon, S3, ilipoanguka tarehe 28 Februari 2017, chombo cha kubadilisha alama kwenye ukurasa wa hali nacho kilitegemea S3. Alama zikabaki kijani, wakalazimika kutangaza hali kupitia Twitter. Ukiwa na ukurasa wa namna hii, uweke kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Rogers, kampuni ya simu na intaneti ya Canada, ilipata toleo kali zaidi la kosa hilohilo tarehe 8 Julai 2022. Wateja zaidi ya milioni 12 walibaki bila mawasiliano, wengine wakashindwa hata kupiga namba ya dharura 911. Mtandao ambao mafundi waliutumia kuendeshea mitambo ulitegemea mtandao uleule uliokuwa umekufa.

Kosa likishajulikana, mbona bado saa nyingi hupita?

Kwa sababu waliokuwa wakingoja nje wote huingia mlangoni kwa pamoja. Programu iliyokosa jibu hujaribu tena, na tena. Huduma ikifufuka hukuta foleni mara nyingi ya mzigo wake wa kawaida, inazidiwa, inalala tena. Oktoba 2025 rekodi ya DNS ya DynamoDB ilirekebishwa ndani ya takriban saa tatu, lakini mfumo wa kuwasha seva mpya ulikuwa umerundika kazi kiasi cha kushindwa kuzimaliza kabla hazijapitwa na wakati. Jumla ikawa karibu saa 15.

Sababu nyingine: mifumo mikubwa haizimwi kamwe, hivyo hakuna anayejua kuiwasha huchukua muda gani. S3 mwaka 2017 ilikuwa na sehemu ambazo hazijawashwa upya kikamilifu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo zilikuwa zimekua mno.

Ukiandika programu, ifundishe kusubiri. Jaribio la pili lichelewe kuliko la kwanza, la tatu lichelewe zaidi, na muda wenyewe usiwe sawa kwa wote.

Mikongo ya baharini hukatwa na nani? Papa?

Papa wamesingiziwa. Duniani hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 za mikongo kwa mwaka, na nyingi husababishwa na nanga na nyavu za meli. Sehemu kubwa ya mawasiliano kati ya mabara hupita kwenye nyaya hizi, si kwenye setilaiti, na kwenye kina kirefu unene wake hauzidi mpira wa kumwagilia bustani.

Mwaka 2024 ulikuwa mbaya. Tarehe 14 Machi mikongo minne, WACS, MainOne, ACE na SAT-3, iliharibika karibu na Côte d'Ivoire. Tarehe 12 Mei ikafuata EASSy na Seacom upande wa mashariki mwa Afrika. Kutengeneza si kazi ya kuagiza fundi kwa pikipiki. Meli maalumu yenye mkongo wa akiba inapaswa kufika, iuvute mkongo kutoka chini kwa ndoano, iunge nyuzi za kioo moja moja, kisha iushushe. Hapo hujahesabu vibali na mawimbi. Tonga, iliyokuwa na mkongo mmoja tu wa kimataifa, ilikaa karibu wiki tano baada ya mlipuko wa volkano wa 15 Januari 2022 kuukata.

Mtoa huduma ananiahidi asilimia 99.9. Si inatosha?

Asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka, na bado atakuwa ametimiza ahadi. 99.99 ni dakika 52. Sasa fanya hesabu ambayo wauzaji hawaipendi: huduma yako ikitegemea nyingine tano, kila moja ya 99.9, na yoyote ikianguka nawe unaanguka, zimebaki takriban 99.5. Hizo ni karibu saa 44.

Na fidia? Ukisoma mkataba utakuta mara nyingi ni punguzo kwenye bili ijayo, si hasara uliyopata.

Basi nitumie watoa huduma wawili?

Inategemea, na mara nyingi jibu langu huwa hapana. Kuendesha mfumo mmoja katika mawingu mawili ni gharama, na ule mtambo wa kuhamisha mzigo kutoka huku kwenda kule huwa sehemu mpya ya kuharibika. Kwa wengi, kanda mbili za mtoa huduma mmoja, pamoja na nakala rudufu nje yake, zinatosha.

Ukiamua kuwa na viwili, hakikisha kweli ni viwili. Niliwahi kufanya kazi mahali tulipolipia laini mbili kutoka kampuni mbili tofauti, tukajisifu. Siku moja tingatinga lilichimba mtaro, zote zikakatika pamoja. Zilikuwa zimelazwa kwenye shimo moja, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Data ikiwa winguni, si iko salama?

Iko salama dhidi ya diski kuharibika. Dhidi ya kufutwa, hapana: amri ya kufuta hunakiliwa kwa uaminifu uleule kama data yenyewe.

Mei 2024, huduma ya wingu binafsi ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ilifutwa na Google Cloud kwa bahati mbaya. Kisanduku kimoja kilikuwa kimeachwa wazi wakati wa kuiandaa, mfumo ukajaza wenyewe muda wa kikomo. Ulipofika, ikafutwa. Kilichowaokoa ni nakala walizokuwa nazo pia kwa mtoa huduma mwingine. Wateja wa OVH, mtoa huduma wa wingu, huko Strasbourg, Ufaransa, moto ulipoliteketeza jengo la SBG2 tarehe 10 Machi 2021, hawakuwa wote na bahati hiyo. Wapo waliogundua kwamba nakala zao zilikuwa palepale zilipokuwa data.

Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. GitLab, huduma ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala mwaka 2017. Walipozihitaji, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyopangwa, na barua pepe za kuonya kwamba zinashindwa zilikuwa zikikataliwa kimyakimya. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyotengenezwa kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa.

Na aliyekosea, afukuzwe?

Mhandisi wa GitLab alikuwa amekesha, ana madirisha mawili ya seva mbili zenye majina yanayofanana, akafuta kwenye ile isiyo yenyewe. Alipogundua na kusimamisha, karibu GB 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Kampuni haikumfukuza. Ilitangaza kazi ya urejeshaji moja kwa moja hadharani, kila mtu akiangalia, kisha ikaandika kwa urefu kilichotokea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukimfukuza aliyesema kweli, mwingine hatasema.

Amazon nao, baada ya S3 kuanguka kwa sababu amri ya kuondoa seva chache iliandikwa vibaya ikaondoa nyingi, hawakuandika kwamba mtu alikosea wakaishia hapo. Walijiuliza kwa nini chombo kilikubali kuondoa seva nyingi kiasi kile kwa mpigo. Wakakibadili: sasa kinaondoa polepole, na kinakataa kabisa ikiwa kuondoa huko kutaishusha sehemu yoyote chini ya kiwango inachohitaji ili isimame. Mtu akiandika namba ileile leo, chombo kitamgomea.